Piano ya Tunda na Mkono wa Kushoto wa Mama

Ukiacha pesa za njiani, safari yote ilinigharimu bidoni mbili za lita ishirini za mafuta ya mawese, kikwembe kimoja kipya cha kujifunga ambacho bado kilikuwa na karatasi yake ya dukani, jino moja, na siku kumi na tisa. Nimehesabu mara mbili. Mara ya kwanza nilipata siku kumi na nane, lakini nilikuwa nimesahau ile niliyolala Kibombo na shavu limevimba, na siku kama ile siwezi kuitoa bure.

Ndugu zangu, nyinyi wa Kisangani na nyinyi wa Bukavu, mmenipigia simu wote na swali moja: Zaina, ulienda kutafuta nini kijijini Tunda? Kueleza kwa simu kunakula salio. Naandika mara moja, msomeane.

Wakubwa kati yenu mlimjua marehemu baba yangu, Ramazani, aliyeitwa mjini Ramazani Piano. Wadogo mmesikia tu kwamba Kindu hii ya magunia na mitumbwi iliwahi kuwa na mtu wake aliyetunga jazi, mapema kabisa, wakati neno lenyewe watu walikuwa bado hawajui kama linaliwa au linavaliwa. Mama yangu, Mwajuma, amelala kitandani tangu mvua zilipokatika. Daktari anasema moyo umechoka. Siku moja namkanda miguu, akaniambia:

"Zaina, kabla sijakwenda nataka kuisikia Treni yangu."

*Treni ya Mwajuma* ni muziki ambao Baba alimtungia. Hakuna aliyeurekodi. Sisi watoto tunakumbuka mwanzo wake tu, kama unavyokumbuka sura ya mtu aliyekupita njiani. Vita vya mwisho vilipokaribia Kindu, Baba aliipeleka piano Tunda kuificha kwa rafiki yake, na daftari la nyimbo alilifungia tumboni mwa piano hiyo. Alifariki mwaka vita vilipokwisha, hajarudi kuichukua.

Nikasema: Mama, naenda. Sikuuliza bei. Ndiyo mara ya kwanza maishani mwangu.

Kindu: juu ya gunia la chumvi

Treni ya kwenda kusini haina saa. Ina siku, na siku yenyewe ni ya kukisia. Nilifika stesheni na bidoni zangu mbili, nikamkuta mlinzi anajipepea na kofia.

"Papa, treni iko?"

"Iko, Mama."

"Iko wapi?"

"Iko inakuja."

"Imeondoka wapi?"

"Ah, Mama! Kwanza iondoke, kisha njo ije."

Nikakaa juu ya gunia la chumvi la mtu mwingine. Mwenyewe alitaka nilipie kukaa. Nikamwambia namlindia, basi yeye ndiye anilipe. Tukakubaliana kila mmoja asidai. Nilikaa hapo siku tano, nikirudi jioni nyumbani kumpa Mama dawa, na kila asubuhi gunia nililikuta limepungua kidogo, nadhani kwa sababu ya unyevu, sijui, sikuwa mlinzi wa usiku.

Kutoka pale stesheni bandari unaiona yote. Baba alianzia pale. Wakati wa vita vikubwa vya Wazungu alikuwa kijana wa miaka kumi na saba hivi, mwosha sahani kwenye meli iliyokuwa ikishuka mto Lualaba hadi Ubundu na kurudi. Nahodha wa meli alikuwa na gramafoni na santuri za Weusi wa Amerika. Abiria wakila, santuri inazunguka; Baba anaosha sahani na vidole vyake vinafuata juu ya meza ya jikoni. Babu yangu alikuwa mwalimu wa Kurani. Alimfundisha herufi za Kiarabu vizuri sana, na alisikitika kuona mikono ile iliyoandika vizuri inapiga mbao.

Aliposhuka melini alipata kazi ya kupangusa vumbi Serkle, ule ukumbi wa starehe wa wakubwa wa reli. Ndani kulikuwa na piano. Kupangusa piano, msidhani ni kazi ndogo. Baba alipangusa kibonye kimoja kimoja, polepole, kila siku, miaka miwili. Mkubwa mmoja alipouliza mbona vumbi la piano haliishi, Baba akamjibu kwa kupiga waltz nzima. Toka siku ile kitambaa cha vumbi alipewa mtu mwingine.

Siku ya tano, treni ikaja, na dawa za Mama nikamwachia jirani.

Kindu hadi Kibombo: behewa la chumvi na mzee wa grisi

Nilipata nafasi ya kukaa kwa bidoni moja ya mafuta. Najua mtasema nimeibiwa. Lakini ilikuwa kukaa na kuegemea, na kuegemea kuna bei yake.

Jirani yangu alikuwa mzee mmoja, Papa Amisi, mstaafu wa reli, aliyetia grisi kwenye magurudumu maisha yake yote. Alikuwa na kwanga tatu, ile mikate ya muhogo, na samaki wa kukausha; mimi nilikuwa na wali na sombe, majani ya muhogo, kwenye sufuria. Tukaunganisha meza. Alipojua mimi ni mtoto wa nani aliacha kutafuna.

"Wewe njo mutoto wa Ramazani Piano? Mimi nimecheza harusi yangu na muziki wa huyo muzee! *Mkubwa wa Stesheni Amelala!* Unaijua?"

Akaipiga kwa mdomo, mashavu yamejaa kwanga. Behewa zima likageuka. Nilicheka mpaka nikaona haya, maana nilikuwa karibu kulia.

Papa Amisi aliyakumbuka mambo ambayo nyumbani hatukuambiwa. Kwamba Jumamosi Baba aliwapigia Wazungu, na Jumapili wafanyakazi, na nyimbo zilikuwa zile zile, ila Jumapili mkono wa kushoto ulikuwa unatembea, zile sauti nene za chini zikipanda na kushuka kama hatua za mtu. Kwamba ngoma ilipigwa na Okito, mtu wa Tunda, juu ya sanduku la nguo, kwa sababu Serkle haikununua ngoma. Kwamba waliitwa mara moja Kisangani kupiga redioni, na mtangazaji aliposema "sasa ngoma za kienyeji," Baba alifunga kifuniko cha piano na kurudi Kindu kwa meli ya kwanza.

"Halafu vita vya waasi," alisema Papa Amisi, na sauti ikashuka. "Unajua vidole vyake."

Nilijua. Nilikuwa bado nabebwa mgongoni wakati ule. Alivunjwa vidole viwili vya mkono wa kushoto na havikurudi kukunja. Alipoanza kupiga tena, kushoto alipiga kwa vitatu, na watu wa mjini, watu wa heshima kweli, wakasema ni mtindo wake mpya.

"Lakini kuna kitu sikuelewa," aliendelea mzee. "Asubuhi nikienda kazini napita nyuma ya Serkle, milango imefungwa, nasikia anapiga kama muntu wa vidole vyote. Jioni, vitatu. Asubuhi, vyote! Nikasema labda ni ile baridi ya asubuhi, inalegeza mifupa."

Nikasema labda. Treni ikasimama.

Ilisimama siku moja na nusu mahali panapoitwa Tangi, ambapo zamani injini za moshi zilikunywa maji. Injini ya sasa hainywi maji lakini nadhani ilisimama kwa heshima. Watu wakateremka, wakawasha moto, mama mmoja akafungua biashara ya mandazi pale pale relini, akapandisha bei kila baada ya saa. Nikamwuliza unga umepanda wapi, porini? Akanijibu: "Mama, njaa yako njo imepanda." Nikanunua mawili.

Kibombo hadi Tunda: jiwe, magogo na kijana aliyebeba friji

Kibombo nilikula wali wenye jiwe. Jiwe lilishinda. Nilimwomba mwenye hoteli apunguze bei, akaniangalia kwa huruma ya kweli na kusema jiwe hakulihesabu kwenye bei, ni la bure. Ndiyo siku ya shavu.

Kesho yake nilipatana na motari, mwendesha pikipiki mwenye miwani ya jua kioo kimoja. Nilimweleza naenda Tunda kwa ajili ya piano. Akafikiri.

"Piano ni kilo ngapi?"

"Nyingi."

"Mama, sema tu. Mimi nimebeba friji. Nimebeba mbuzi watatu na mwenye mbuzi."

"Walioipeleka hii piano Tunda ni watu kumi na sita."

"Kumi na sita kwa miguu," alisema, "ni kama pikipiki moja na nusu." Na akanitajia bei ya pikipiki moja na nusu.

Nilimshusha hadi moja. Baadaye nilijuta, maana madaraja ya magogo tulivuka manane, na kila daraja aliniambia niteremke nivuke kwa miguu, halafu yeye na pikipiki wanifuate. Nikamwambia bei ilikuwa ya kupanda, si ya kutembea. Akasema bei ilikuwa ya kufika. Hapo alinishinda, na mimi nikikubali kushindwa nasema.

Njiani nilikuwa nawaza watu wale kumi na sita. Ilikuwa treni ya mwisho kabla ya vita. Baba aliiweka piano, ile ya Serkle aliyoachiwa ukumbi ulipofungwa, ndani ya behewa la mpunga, magunia juu yake, na toka Kibombo waliibeba kwa mipini begani, kama zamani walivyobeba Mzungu kwenye kipoyi. Baba alitembea mbele akiwaimbia ili hatua ziende pamoja. Alikuwa na miaka sabini na zaidi. Vita vinakuja nyuma, na yeye anahangaika piano isipate mtikisiko.

Tunda: moto ambao haukuzimwa

Okito wa sanduku alikwishafariki. Nilimkuta mjane wake, Mama Omoyi, mwanamke mfupi, mkavu, macho yanakupima kama mizani ya dhahabu. Nilimpa kikwembe. Akakifungua, akakipima kwa mkono, akakikunja, akakiweka ndani. Akarudi akakaa.

"Asante, mwanangu. Hiyo ni salamu. Sasa tuongee habari ya piano."

Nikajua niko mbele ya mtu.

Piano ilikuwa katika chumba cha nyuma, imefunikwa mkeka. Upande wake wa kushoto, hatua moja hivi, palikuwa na mbabula ya udongo yenye makaa yaliyofunikwa jivu. Kuta nyeusi kwa moshi. Harufu ya mahali panapokaushwa samaki, ila samaki hakuna.

"Baba yako alimwambia mume wangu: moto usizime. Unyevu njo adui ya piano. Kila jioni makaa. Joto lifike, mwali usifike. Okito alifanya. Alipofariki, mimi."

"Kila jioni? Hata kiangazi?"

"Ramazani hakusema miezi. Mimi nilipokea neno, sikupokea kalenda."

Nilihesabu miaka kimya kimya. Nikahesabu tena.

Nikainua kifuniko cha juu nilichukue daftari. Sikuona daftari, wala nyuzi sikuziona. Niliona makopo, vibuyu, chupa, vifurushi vya majani vilivyofungwa kwa kamba, vimepangwa kila penye nafasi. Karanga. Mpunga. Mahindi. Maharage.

"Mama, hii ni nini?"

"Mbegu."

Mama Omoyi alikuwa ameona siku moja kwamba chumvi aliyoisahau juu ya piano haikulowa kama chumvi ya nyumba nyingine. Basi akaweka ndani karanga za mbegu. Hazikuota ukungu. Jirani akaomba kuweka zake. Kisha vita vikafika na Tunda. Watu wenye silaha walipita nyumba kwa nyumba, wakabeba mpunga, kuku, sufuria, mpaka milango. Katika chumba cha nyuma mmoja wao aliigusa piano, ikalia. Akashtuka, akamwuliza Okito ni nini. Okito akasema ni sanduku la kanisa linalolia likiguswa na mtu mwenye dhambi. Wakatoka.

"Mwaka ule," alisema Mama Omoyi, "upande huu wa Tunda tulipanda. Upande ule hawakuwa na cha kupanda. Tukawagawia. Toka hapo kila nyumba inaleta."

"Nyumba ngapi?"

"Kumi na moja."

Nilihesabu vifurushi kwa alama za kamba. Zilikuwa kumi na mbili. Alikuwa amesahau kuhesabu yake.

Nilitoa hata hivyo hoja zangu, nisingekuwa mimi. Nilisema piano ni ya Baba. Akasema ndiyo. Nikasema nitaacha bidoni ya mafuta. Akasema Tunda yote ni michikichi, labda nimletee na maji ya Lualaba. Nikasema Mama anaumwa, anataka kusikia muziki wake. Hapo mimi mwenyewe nikaona aibu kwamba lile la kweli nililiweka mwisho, kama mchuuzi.

"Wakisha kupanda, tumbo la piano ni wazi mpaka mavuno," alisema. "Wakati huo uje uongee tena. Leo, nikitoa mbegu, nitaweka wapi? Lakini daftari ni la mama yako. Chukua."

Alilitoa chini ya kibuyu cha mpunga. Daftari jeusi la shule, kavu kama biskuti. Nikalifungua. Herufi za Kiarabu, kurasa zote, kwa mwandiko ule mzuri aliofundishwa na Babu. Mimi nilisomeshwa na masista. Herufi zile kwangu ni maua.

"Baba yako na mume wangu hawakujua noti za Wazungu," alisema Mama Omoyi. "Waliita sauti kwa majina ya stesheni. Hiki hapa chini ya tundu la ufunguo njo Kindu. Pembeni yake Tangi. Halafu Kilima, Kibombo, Samba, Mchanga, Kongolo. Halafu Kindu tena, ya juu. Vibonye vyeusi ni madaraja. Nilikuwa nawapikia huku wanapiga kelele: 'Rudi Samba! Umeruka daraja!' Wageni walifikiri wote wawili ni madereva wa treni."

Nikabonyeza moja moja, toka mwisho hadi mwisho. Vibonye themanini na vitano. Vilivyolia, thelathini na moja. Nikarudia: thelathini na mbili, kimoja kilikuwa kinachelewa. Upande wa kulia vingi vimekufa. Lakini upande wa kushoto, ambako mbabula ilikuwa imekaa miaka yote hiyo, sauti nene za chini zilikuwa hai, kimoja baada ya kingine, na karanga zikitetemeka humo ndani.

Mama Omoyi alifumba macho. "Ehe," alisema. "Njo hapo alipokuwa anatembea."

Jioni alileta makaa mapya. Sikumzuia. Nilipepea mimi.

Kibombo tena: treni inayorudi mara tatu

Tunda sikupata msomaji wa herufi zile. Kibombo nilielekezwa kwa maalim mmoja mzee, aliyekuwa anakaa kivulini karibu na stesheni. Bidoni ya pili ilikwenda kwake; alitaka nusu, lakini bidoni haikatwi.

Akavaa miwani, akaanza kusoma kwa sauti ya msikitini, inayofika mbali:

"*Treni ya Mwajuma.* Ondoka Kindu. Simama Tangi pumzi mbili. Rudi Kindu. Vuka daraja, usikanyage Kilima. Kimbia mpaka Samba. Rudi Kindu..."

Mimi nilikuwa naandika kwa herufi zangu, kichwa chini. Nilipokiinua, abiria wote waliokuwa wanangoja wamesimama, mizigo kichwani.

"Maalim, treni imetangazwa?" aliuliza mama mmoja.

"Anasoma saa za treni!" alisema mwingine. "Inarudi Kindu mara tatu!"

"Basi mimi sipandi. Nitaingoja irudi ya tatu."

"Na hii ya kutokanyaga Kilima? Shemeji yangu anashuka Kilima! Atarushwa dirishani?"

Ilibidi nisimame juu ya gunia nieleze kwamba huo ni muziki. Mzee mmoja hakukubali. Alisema kwa miaka yake yote hajasikia ratiba iliyo wazi namna hiyo, na wakubwa wa reli waje waichukue.

Maalim alisoma nyimbo arobaini na moja kwa siku mbili. Zote zilikuwa na njia mbili, ya mkono wa kulia na ya kushoto. Isipokuwa *Treni ya Mwajuma.* Mwisho wa njia ya kulia alisita, akasogeza daftari karibu na macho.

"Hapa ameandika hivi: mkono wa kushoto siandiki. Mwajuma anaujua."

Nikafikiri ni uvivu wa wazee. Nikafikiri, Baba, umenisafirisha huku kote kwa ajili ya nusu.

Treni ya kweli ilikuja siku iliyofuata, ikaenda Kindu moja kwa moja, haikurudi hata mara moja. Abiria kadhaa walilalamika.

Kindu: kuanzia chini ya tundu la ufunguo

Mama alikuwa hai. Ndilo nililoangalia kwanza, kifua chake chini ya shuka. Kinapanda. Nikangoja kipande tena.

Kwaya ya mtaa iliniazimisha kinanda chao kidogo cha umeme, na Justin, mpigaji wao, akaja nacho. Tulikiweka juu ya ubao, kitandani, kwenye magoti ya Mama. Nikabandika vipande vya plasta juu ya vibonye na kuandika: Kindu, Tangi, Kilima, Kibombo, Samba, Mchanga, Kongolo. Mimi nasoma, Justin anapiga.

"Ondoka Kindu. Simama Tangi. Rudi Kindu. Vuka daraja, usikanyage Kilima, kimbia mpaka Samba."

Mara ya kwanza aliigonga kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni. Mara ya tatu ikatoka. Ule mwanzo tuliokuwa tunaukumbuka, na nyuma yake yote ambayo hatukuwahi kuyakumbuka. Mama alikuwa anaangalia dari. Halafu mkono wake wa kushoto ukatoka ndani ya shuka, ukaenda wenyewe upande wa chini wa kinanda, ukaanza kutembea.

Justin aliacha kupiga.

"Endelea wewe," Mama alimwambia. "Treni haisimami hapo."

Mlimwona Mama maisha yenu yote. Alikuwa mfagiaji wa Serkle. Kila asubuhi alikuwa na Baba kule, yeye na ufagio, na sisi watoto tulishangaa ukumbi mmoja unawezaje kufagiwa masaa mawili. Mdomo wangu, wenye meno pungufu, ulikuwa wazi.

"Mama! Wewe ulipiga?"

"Vidole vyake vilivunjika. Vyangu vilikuwa vizima." Mkono haukusimama. "Mulifikiri nilikuwa nafagia muda wote ule?"

Alikaa kushoto, Baba akakaa kulia, milango imefungwa, kwa miaka. Jioni Baba alipiga peke yake kwa vidole vitatu na mji ukasifu. Hakumwambia mtu, kwa sababu Mama alimkataza: wakubwa wa Serkle walimlipa afagie, na wangeuliza nani anafagia.

Basi tukafika katikati. Pale treni inaposhuka, inashuka kweli, na mkono wa Mama ukashuka nayo: Kindu ya chini, Kongolo ya chini, Samba ya chini zaidi. Kinanda kikaisha. Vidole vikateremka kwenye ubao, toka ubaoni kwenye shuka, vinapiga kitambaa, havitoi sauti. Justin kulia anaendelea. Mama akapiga shuka mpaka mwisho wa wimbo, hakuruka hata stesheni moja. Halafu akauliza:

"Piano yangu iko wapi?"

Nikamwambia yote. Makaa, mbegu, nyumba kumi na mbili, upande wa kushoto ulio hai. Alisikiliza, akauliza tu kama Omoyi bado anapika kwa pilipili nyingi.

Sasa ndugu zangu, njo hapo nahitaji akili zenu. Mkono wa kulia uko Kindu, wa plastiki. Wa kushoto uko Tunda, wa kweli, na umejaa mbegu. Mvua za kwanza zinanukia. Wakisha kupanda, nafasi ipo mpaka mavuno, na daktari haniambii kama Mama anayo nafasi hiyo. Kuileta piano ni watu kumi na sita, treni isiyo na saa, na mbabula inayotaka mtu wa kuipepea njia nzima, halafu kuirudisha kabla ya mavuno, maana siwezi kumwachia Mama Omoyi chumba kitupu. Kumpeleka Mama ni behewa, halafu magogo manane. Daktari amesema hapana. Mama amesema daktari hajawahi kupiga kushoto. Yule motari, sijui kasikia kwa nani, amenipigia simu. Ametaja bei ya mgonjwa mmoja na nusu.

Nileteeni jibu, si huruma, na lije wiki hii. Nilipoanza kuandika hapa Mama alikuwa ameshafunga vitu vyake vya safari karibu na mlango. Nilivihesabu vikawa vitatu. Sasa hivi nimevihesabu tena ni vinne. Ameongeza ufagio.